Dengu na Adui Zake

Mtu apitaye mtaa wa Ganjoni wakati wa alasiri, hasa katika mwezi wa Ramadhani, hukutana na harufu ya bajia kabla hajaiona karai yenyewe. Wako wapikao bajia kwa kunde zilizosagwa, na wako wapikao kwa unga wa dengu. Na unga huo wa dengu ndio uvikwao viazi pia kabla ya kutiwa katika mafuta. Wewe msomaji yamkini umekula chakula hicho mara nyingi pasipo kufikiri kwamba kila punje iliyosagwa ilikuwa imeokoka katika hatari mbili: hatari ya kiwavi shambani na hatari ya fukusi ghalani. Insha hii yaeleza habari za silaha ambazo wanadamu wamezitumia kuiokoa punje hiyo, na jinsi silaha hizo zilivyowageukia mara nyingine wale waliozishika.

Yafaa niseme mapema ni dengu gani ninayoitaja. Katika bara ya Kenya jina la ndengu hupewa punje ndogo za kijani ambazo sisi watu wa Mombasa twaziita pojo, na wenzetu wa Tanzania huziita choroko. Dengu ya insha hii ni ile punje nene, ya rangi ya manjano au ya kahawia, yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, ambayo Wahindi huiita chana. Ni mmea wa kale sana. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameona mabaki yake katika nchi za Uturuki na Shamu, na wataalamu husema kwamba ulianza kulimwa pande hizo yapata miaka 10,000 iliyopita. Kutoka huko ulikwenda mashariki hata Uhindi, nchi ambayo leo hulima dengu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kusini hata Uhabeshi. Jirani zetu wa Tanzania huilima sana katika pande za Mwanza na Shinyanga. Huko hupandwa mvua zikikaribia kwisha, katika udongo mweusi mzito, ikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini; na sehemu kubwa ya mavuno huuzwa Uhindi na Pakistani. Mombasa haina mashamba ya dengu. Ina walaji, wachuuzi na bandari, na kwa sababu hiyo watu wake wamezijua hatari za ghalani kuliko za shambani.

Mimi nilizijua nikiwa na umri wa miaka tisa. Mama yangu alikuwa akiuza bajia mlangoni petu, na fedha zilizotulisha na kutulipia karo zilitoka katika karai lile. Siku moja alinunua gunia zima la dengu kwa bei nafuu, akatia ndani yake akiba yote aliyokuwa nayo. Alipolifungua aliona vumbi jeupe limeshika punje, na harufu iliyotoka haikuwa harufu ya nafaka. Alirudi kwa muuzaji, nami nikamfuata nyuma. Muuzaji alimjibu kwa upole, "Mama, hiyo ni dawa ya fukusi tu. Ioshe kwa maji mara tatu, itakuwa safi." Mama akauliza ni dawa gani, na imewekwa lini. Muuzaji hakujua. Yeye pia alilinunua gunia kwa mwenzake, na gunia halikuwa na cheti wala maandishi yoyote. Fedha hakurudisha.

Jioni ile majirani walikuja kutoa shauri. Wengine walisema aoshe na apike, kwani moto huua kila kitu. Wengine walisema auze kwa bei ya hasara aliyonunulia. Mama alikaa karibu na gunia mpaka usiku, hakusema neno. Asubuhi alilipa mkokoteni, akalipeleka gunia jaani, na kabla ya kuondoka alimimina mafuta ya taa juu ya dengu yote, ili asije maskini mwingine akaiokota akaipika. Kwa wiki nyingi baada ya hapo mlangoni petu hapakupikwa bajia. Nakumbuka nilimkasirikia. Nilikuwa sijui bado kwamba si kweli kuwa moto huua kila kitu. Sumu nyingi za wadudu hazitoweki kwa kuchemshwa wala kwa kuoshwa mara tatu.

Turudi nyuma sasa, tuone jinsi vita hivi vilivyoanza.

Fukusi wa dengu ni mdudu mdogo, hafiki urefu wa punje ya mchele. Jike huligandisha yai lake juu ya ganda la punje, kama mtu abandikavyo stempu juu ya barua. Buu akitoka katika yai hutoboa moja kwa moja hata ndani ya punje, akala na kukua mle gizani. Na baada ya wiki chache, hali ya hewa ikiwa ya joto kama ya kwetu, hutoka akiwa mdudu kamili na kuacha tundu la mviringo. Mdudu huyu mkubwa hahitaji tena kula. Kazi yake ni kutafuta mwenzake na kutaga mayai mengine. Hivyo gunia lililoingia ghalani na wadudu wachache laweza kuwa vumbi na maganda matupu baada ya vizazi vichache. Mara nyingi fukusi hutoka shambani pamoja na mavuno, mayai yakiwa yamekwisha tagwa juu ya maganda ya mmea, na mwenye ghala hulaumu ghala lake bure.

Wazee wetu hawakuwa na darubini ya kuyaona mayai hayo, walakini walijua la kufanya. Walianika kunde na mbaazi juani mpaka zikawa moto mkononi. Walizichanganya na majivu yaliyochekechwa. Walizitundika juu ya meko, moshi ukazipitia. Walizipaka mafuta kidogo, punje zikang'aa. Wengine walitia majani makavu ya mwarobaini, mti ulioletwa kwetu kutoka bara Hindi na ambao sasa umeota kila mahali katika pwani hii. Ukiyatazama mambo haya kwa elimu ya leo utaona kwamba hayakuwa ushirikina. Jua kali humpika buu ndani ya punje. Majivu hujaza nafasi baina ya punje na punje, mdudu asipate pa kupita, tena hukwaruza nta iliyo juu ya mwili wake, akakaukiwa na maji. Mafuta huziba pumzi ya yai. Nao mwarobaini una kitu ndani yake kiwachukizacho wadudu na kuwazuia wasikue. Upungufu wa njia hizi ni mmoja: zafaa kwa debe na kwa kapu, wala si kwa maghala ya mfanyabiashara mwenye magunia elfu.

Sumu ya kwanza ya wadudu iliyopata sifa duniani kote ilikuwa ua. Pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano, na asili yake ni Dalmatia, pwani ya nchi iitwayo leo Kroatia. Watu wa huko waliyakausha maua, wakayasaga, na vumbi lake likauzwa Ulaya katika karne ya 19 kwa ajili ya kuua kunguni na viroboto. Mjapani mmoja, Ueyama Eiichiro, alipata mbegu za pareto mwaka 1886 akazipanda kwao. Mwaka 1890 alitengeneza vijiti vya kuwasha vya kufukuzia mbu. Na kwa kuwa vijiti viliungua upesi mno, yasemekana mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa shauri la kukiviringisha kijiti kama nyoka aliyejikunja. Ile dawa ya mbu unayoiwasha chumbani usiku ni mtoto wa shauri hilo. Vita Kuu ya kwanza ilipoikata Dalmatia na masoko yake, Japani ikawa muuzaji mkubwa wa pareto ulimwenguni.

Kenya iliingia katika biashara hii karibu na mwaka 1928, mbegu zilipopandwa katika nyanda za juu za pande za Nakuru. Pareto hupenda baridi. Ikilimwa pwani hutoa majani mengi na maua machache, kwa hiyo sisi wa Mombasa hatukupata kuilima. Tuliiona tu ikipita. Ilishuka kwa gari la moshi kutoka bara hata Kilindini, ikapakiwa melini. Mwanzoni walowezi Wazungu ndio waliokuwa na mashamba, na Waafrika walikuwa vibarua, wengi wao wanawake na watoto, waliochuma ua moja moja kwa mkono kwa sababu hapana mashine iliyoweza kuchagua ua lililokomaa. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1950 na baada ya Uhuru, wakulima wadogo wa Kiafrika wakaja kuwa ndio wazalishaji wenyewe, kutoka Molo na Kinangop hata Kisii.

Japani ilipoingia katika Vita Kuu ya pili, Desemba 1941, Waingereza na Wamarekani waliikosa pareto ya Japani siku ile ile. Askari wao walikuwa wakienda katika misitu yenye malaria, nao walihitaji dawa ya mbu kama walivyohitaji risasi. Basi Kenya ikawa chemchemi yao. Katika miaka hiyo wataalamu wawili wa Marekani, Goodhue na Sullivan, walitengeneza kopo la chuma lililotoa dawa kama ukungu kwa kubonyezwa. Nalo ndilo baba wa makopo yote ya kunyunyizia yaliyo madukani leo. Ndani yake mlikuwa na pareto, na pamoja na pareto mlitiwa mafuta ya ufuta. Usicheke. Ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1940 kwamba mafuta ya ufuta, haya haya ya simsim tuyajuayo, huiongeza pareto nguvu mara nyingi, kwa kuwa humzuia mdudu asiivunje sumu ndani ya mwili wake. Tangu hapo wakemia wamebuni vitu vingine vya kuifanya kazi hiyo, lakini mlango ulifunguliwa na ufuta.

Pareto ina sifa njema kubwa: humwangusha mdudu mara moja, na haimdhuru sana mtu wala mnyama wa damu moto. Ina na aibu moja. Jua huiharibu upesi. Ukiinyunyiza shambani asubuhi, nguvu yake haikai. Kwa hiyo ilifaa nyumbani na ghalani, mahali penye kivuli, lakini haikumfaa mkulima wa dengu aliye na adui wa pili, ambaye sijamweleza bado.

Adui huyo ni kiwavi wa nondo ambaye wataalamu humwita Helicoverpa armigera. Nondo jike hutaga mayai moja moja juu ya majani na maua, naye aweza kutaga hata kupita 1,000 katika maisha yake mafupi. Kiwavi akiwa mdogo hula majani. Akikua hutoboa ganda, akaingiza kichwa chake ndani na kuacha mwili nje, akala punje kama mtu aliyeinama katika chungu. Akimaliza ganda moja huhamia jingine. Hali dengu peke yake. Hula mbaazi, mahindi, nyanya na pamba. Na kwa kuwa pande za Mwanza na Shinyanga hulima pamba na dengu, kiwavi hupata chakula msimu baada ya msimu. Mmea wa dengu hujitetea kidogo: majani yake hutoa jasho lenye uchachu mkali, hata huko Uhindi watu walitandaza vitambaa usiku juu ya mimea, wakaukamua umande mchachu wa asubuhi wakautumia kama siki na dawa. Walakini kiwavi huyu ameuzoea uchachu huo, na jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya nyigu wadogo ambao wangemla hawauwezi. Ngome ya mmea imewafungia nje marafiki zake.

Sumu ya kukaa shambani ilipatikana mwaka 1939. Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy huko Uswisi, aligundua kwamba kitu kilichotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874, kikasahauliwa, kilikuwa sumu kali ya wadudu. Kitu hicho ni DDT. Kilikuwa rahisi, hakikuharibiwa na jua, wala hakikuoshwa upesi na mvua, na mtu aliyekishika hakuona dhara papo hapo. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga. Wakati ule ule Mjerumani Gerhard Schrader, akitafuta dawa ya wadudu katika miaka ya 1930, alikuwa amekutana na jamii nyingine ya sumu iuayo kwa kuvuruga mishipa ya fahamu. Kutoka katika jamii hiyo zilitoka dawa nyingi za mashambani, na kutoka humo humo zilitoka gesi za kuulia watu vitani. Yafaa ulikumbuke jambo hili utakapoona mtu ananyunyiza shamba lake kifua wazi: mdudu na mwanadamu hawatofautiani sana katika mishipa ya fahamu.

Kwa muda wa miaka michache ilidhaniwa kwamba vita vimekwisha. Lakini kufikia mwaka 1947 nzi wa Sweden na wa Italia walikuwa wakitua juu ya kuta zilizopakwa DDT, wakaruka tena wazima. Mwaka 1962 Mmarekani Rachel Carson alitoa kitabu chake Silent Spring, akaonyesha jinsi sumu isiyoharibika inavyopita kutoka kwa mdudu hata kwa ndege, na kutoka kwa samaki hata kwa mlaji wake, ikizidi kujilimbikiza kila hatua. Wenye viwanda walimtukana; yeye alikuwa mgonjwa, akafa mwaka 1964. Marekani iliizuia DDT mashambani mwaka 1972, na Kenya ikaizuia katika kilimo mwaka 1986. Sifa ile ile iliyomfurahisha Müller, ya kutoharibika, ndiyo iliyokuwa hatia yake.

Hapo wakemia walirudi kwa ua la pareto. Muundo wa sumu yake ulikuwa umekwisha chunguzwa na Staudinger na Ruzicka, ambao walitangaza kazi yao mwaka 1924. Swali lilikuwa: je, yawezekana kuufanyiza mfano wa pareto kiwandani, wenye nguvu yake na upole wake kwa mtu, lakini usioogopa jua? Mwingereza Michael Elliott na wenziwe wa Rothamsted walijibu swali hilo mwaka 1973 walipotangaza permethrin, na baada yake zikaja cypermethrin na deltamethrin. Dawa hizi za jamii ya pareto, zilizozaliwa kiwandani, zilikaa juani kwa siku nyingi na zilitosha kwa kiasi kidogo sana. Wakulima wa pamba na wa dengu walizipokea kama mvua baada ya kiangazi.

Tafakari sasa jambo lililofuata. Tuseme shamba lina viwavi 1,000, na kwa bahati ya kuzaliwa 10 kati yao wana mwili uwezao kuivunja sumu. Mkulima ananyunyiza, 990 wanakufa, naye anafurahi. Lakini wale 10 ndio watakaozaa, na watoto wao watarithi mwili wa wazazi. Akinyunyiza tena dawa ile ile, anawachagua tena wenye nguvu, kama mfugaji achaguavyo dume bora la kundi. Zaidi ya hayo, dawa imewaua nyigu, buibui na wadudu wengine waliokuwa wakiwala viwavi, kwa hiyo waliosalia hawana wa kuwapunguza. Mwaka 1983 huko Emerald, katika jimbo la Queensland la Australia, viwavi hawa walionekana kuzishinda dawa hizo mpya. Mwaka 1987 jambo hilo liliwafika wakulima wa pamba wa jimbo la Andhra Pradesh, Uhindi. Walinyunyiza mara kwa mara, kila mara wakikopa fedha za kununulia dawa, na viwavi wakaendelea kula. Mavuno yalipokosekana madeni yalibaki, na baadhi ya wakulima wale walijiua.

Naona yanipasa kukiri hapa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, darasa letu lilipewa kipande cha shamba, nasi tukapanda dengu. Mimi nilikuwa msimamizi wa kunyunyiza dawa. Siku za maua sikwenda shambani, kwa kuwa tulikuwa katika mitihani. Nilipokwenda niliona maganda yametobolewa, nikaona haya, nikajaza bomba na kunyunyiza kwa bidii. Na kwa kuwa nilitaka kuifidia haya yangu, nilitia dawa kupita kipimo kilichoandikwa. Kesho yake nilikuta nyuki na buibui wamekufa chini ya mimea. Viwavi wakubwa walikuwa wazima, vichwa vyao vikiwa salama ndani ya maganda ambamo dawa haikufika. Mkufunzi wetu hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulihesabu kwanza?" Nilikuwa sijahesabu kitu.

Kuhesabu ndiko kulikokuja kuwa msingi wa kazi baada ya mabaya ya miaka ya 1980. Taasisi ya ICRISAT, iliyoanzishwa mwaka 1972 huko Patancheru karibu na mji wa Hyderabad, na ambayo ina ofisi Nairobi, imekuwa ikiichunguza dengu na mbaazi tangu mwanzo wake. Mkulima hufundishwa kupita mistarini tangu maua yanapochanua, kuhesabu viwavi wadogo, na kunyunyiza tu wakizidi kiasi, tena wakiwa wadogo, kabla hawajaingia katika maganda. Husimamisha vijiti shambani ili ndege watue na kuwadonoa viwavi. Katika mbaazi wako wakulima wa Uhindi watandikao turubai chini ya mimea, wakaitikisa, viwavi wakaanguka kama embe mbivu. Kuna na ugonjwa wa viwavi wenyewe, utokanao na kirusi kisichomdhuru mtu: kiwavi aliyeupata hupanda juu ya mmea, akafa akining'inia kichwa chini, na mwili wake ukipasuka huwaambukiza wengine. Watu wameukuza ugonjwa huo wakaunyunyiza kama dawa. Sumu za kiwandani hazikuachwa. Hubadilishwa kwa zamu, kiwavi asiizoee mojawapo, na kila dawa huandikwa juu yake idadi ya siku ambazo lazima zipite baina ya kunyunyiza na kuvuna. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1982 ndiyo inayosimamia dawa hizi, na isiyoandikishwa hairuhusiwi kuuzwa. Sheria ni jambo jema, lakini gunia halisemi, na mchuuzi apimaye dawa kwa kijiko na kuifunga katika karatasi ya daftari hauzi maandishi yake pamoja nayo.

Ghalani vita vimerudi karibu na wazee wetu. Tangu mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walifanya kazi na wakulima wa kunde wa Cameroon, wakatengeneza mfuko wa tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja. Ukifungwa vema fukusi waliomo huimaliza hewa ya kupumua, wakaacha kula, wakafa kwa kukauka. Hapana hata chembe moja ya sumu. Mifuko hiyo sasa hutumika Kenya na Tanzania.

Na pareto je? Kenya, iliyokuwa ikiuza sehemu kubwa kuliko zote ya pareto ya dunia, iliupoteza ukuu huo baada ya mwaka 2000. Wakulima walicheleweshewa malipo kwa miaka, wakang'oa maua wakapanda viazi na mahindi, na kisiwa cha Tasmania cha Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine, kikashika nafasi ya kwanza. Juhudi za kuifufua zimefanywa, na baadhi ya wakulima wa nyanda za juu wamerudi kuipanda, kwani wako wanunuzi duniani watakao dawa isiyokaa katika chakula. Aibu yake ya kale, ya kuharibiwa na jua, imegeuka kuwa fahari yake.

Mama yangu angali Ganjoni. Hapiki tena bajia za kuuza, lakini Ramadhani ikifika hununua dengu nzima, kamwe hanunui unga uliosagwa. Muuzaji akilifungua gunia, mama hutia mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akatazama kiganja chake juani, kisha akakinusa. Akiona tundu la fukusi katika punje mbili tatu, hutabasamu na kusema, "Nipimie kilo mbili."